Silabasi ya Bi Rula

Wifi yangu hanipendi, nami simpendi, na hilo tulikubaliana zamani bila kikao. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Siku nilipoletwa nyumbani kwao kama bibi harusi, watu wote walinitazama usoni, yeye akatazama pindo la gauni langu. Aliinama, akalishika kwa vidole viwili, akasema, "Limepinda upande wa kushoto." Gauni lenyewe nilishonewa na fundi aliyesifiwa mji mzima. Tangu siku hiyo, kila nikivaa nguo mpya mbele yake nahisi pindo linapinda lenyewe.

Anafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, na mimi ni mhazili wa mkuu wa chuo hicho hicho. Nikimkimbia nyumbani namkuta kazini, nikimkimbia kazini namkuta nyumbani, maana anakaa chumba cha uani katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi wao. Hakuolewa. Mume wangu husema posa zilikuja, ila kila mposaji alikaguliwa kola kwanza. Wanafunzi wanamwita Bi Rula kwa sababu ya rula ya mbao anayotembea nayo darasani. Hajawahi kumpigia mtu. Huinyoosha tu kuelekea kosa, na kosa likishanyooshewa rula ile, hata mimi nisiyejua kutia uzi kwenye cherehani naliona.

Ana koti moja la kijivu. Alilishona mwenyewe akiwa msichana, kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho, na hajaacha kulivaa. Akiingia darasani analivua, analitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, jioni akienda nyumbani analivaa. Kwenye misiba na harusi ni hilo hilo. Mafundi wa mjini humpita halafu wakageuka kutazama mabega yake, jinsi mikono ilivyoshikana na bega bila kikunjo hata kimoja, utadhani koti lilizaliwa hivyo. Naweza kumsema vibaya mpaka jua litue, lakini kazi anaijua. Sisemi hivyo kwa mapenzi.

Miaka yote hiyo, darasa lake lilikwenda kwa njia moja. Muhula wa kwanza hakuna kitambaa wala uzi. Mwanafunzi anakaa kwenye cherehani, anaingiza karatasi iliyochorwa mistari, anatoboa juu ya mistari. Ile iliyonyooka kwanza, halafu ya kona, halafu ya mduara. Akitoka nje ya mstari, anapewa karatasi nyingine. Ukipita koridoni ulisikia sindano zikitafuna karatasi na sauti ya wifi yangu ikisema, "Rudia." Walioingia mwanzoni mwa mwaka wakijaza chumba, walikuwa wakipungua kimyakimya kama watu wanaoaga msibani mapema. Waliobaki walikuwa mafundi kwelikweli. Tatizo ni kwamba walibaki wachache mno, na cherehani nyingi zilifunikwa vitambaa kama maiti.

Mwaka ninaousimulia, kati ya walioandikishwa alikuwamo binti yetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda. Shuleni alikuwa amefeli, akarudia, akafeli tena. Alikaa nyumbani kutwa akitazama dari, ukimsemesha anakujibu kwa mabega. Kulikuwa na kiwanda cha sare za shule ambacho kilichukua wenye cheti cha chuo chetu. Asiye na cheti hata getini hapiti. Bila kile cheti sikuona mlango mwingine kwa mwanangu. Ndiyo maana nilimeza mate machungu, nikamkabidhi kwa shangazi yake.

Basi akaja mkuu mpya. Alikuwa kijana, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vilevile. Ofisi yake na meza yangu vinatenganishwa na ubao mwembamba, kwa hiyo siku alipomwita Bi Rula sikuhitaji kutega sikio.

"Mwalimu," alisema, "tunahitaji silabasi inayonyumbulika. Inayomvutia mwanafunzi. Mwanafunzi awe na nafasi ya kuchagua."

"Kinachonyumbulika ni lastiki ya chupi," Bi Rula akajibu. "Na hiyo nayo ikichoka inakuachia uchi."

"Nusu ya darasa imeshaondoka, Mwalimu."

"Walioondoka hawakuwa wamekuja."

Mkuu alisogeza kiti karibu. Halafu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba bodi imekaa, na kwamba mambo yakiendelea hivi, mwakani kile chumba kitapewa watu wa kompyuta.

"Mnataka silabasi inayonyumbulika?" Bi Rula akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Nitashukuru sana."

"Mtaipata."

Akatoka, akapita mbele ya meza yangu, na alikuwa anatabasamu. Wifi yangu si mtu wa kutabasamu. Nikajua kuna mtu atalia.

Aliiandikia sebuleni kwetu, Jumapili mchana, kwa sababu meza ya chumbani kwake imejaa vitambaa. Mimi nilikuwa namenya viazi, mume wangu yuko na redio yake. Aliandika huku akisoma kwa sauti, na kila mstari aliusoma kana kwamba anatema ganda.

"'Mwanafunzi atachagua mwenyewe vazi la kuanzia.' Vizuri hivyo? Anayetaka kuanza na suti aanze na suti, atoe jasho. 'Mwanafunzi atakuja asubuhi au mchana, vyovyote inavyomfaa.' Hata asipokuja kabisa, inamfaa. 'Masomo hayatakuwa na mpangilio maalumu. Kila mmoja atachukua somo analojisikia kulichukua.' Wifi, kujisikia kunaandikwaje siku hizi, na mapambo au bila mapambo?"

"Dada," mume wangu akasema, "hiyo si kama unafanya makusudi?"

"Nafanya nilichoombwa."

"Na wakichagua mepesi tu?" nikauliza mimi.

"Watachagua," akasema, akapuliza wino. "Hiyo ndiyo raha ya kuchagua, wifi. Baadaye huna wa kumlaumu."

Mume wangu akaongeza sauti ya redio, kama afanyavyo kila tunapoanza. Mimi nilidhani ni kununa kwake kwa kila siku. Aliponiletea ofisini niichape, niliichapa.

Halafu akashona ukuta. Alichukua pazia kuukuu la ukumbi wa chuo, zito kama turubai, akalishonea mifuko kutoka juu hadi chini, kila mfuko na somo lake: zipu, kola, vifungo, pindo, marinda, lastiki, mifuko ya suruali, mikono. Ndani ya kila mfuko akaweka vipande vilivyokwisha kukatwa na kadi yenye maelezo ya mkato kama yeye mwenyewe. Mwanafunzi angesimama mbele ya ukuta, achague mfuko, aende na vipande vyake mezani.

"Kama chekechea," aliniambia. "Si wanataka kuchezeshwa?"

Alikusudia liwe tusi. Lakini wifi yangu hawezi kushona vibaya hata akiwa na nia mbaya. Kila mfuko ulikaa sambamba na mwenzake, kila somo na rangi yake, midomo imepigwa pindo jembamba lililonyooka. Mkuu alipouona alivua miwani, akaivaa tena, akasema hii ni kazi ya mtu anayeona mbali. Akamshukuru mara mbili. Bi Rula alipokea shukrani zile kama mtu aliyekanyagwa kidole gumba.

Sasa sikilizeni kilichomuudhi zaidi. Mpango wake ulifanya kazi.

Waliokuwa wameondoka walirudi. Wenye watoto wachanga wakaja mchana, watoto wamelala chini ya meza za kukatia. Mlinzi wa duka akaja asubuhi akitoka zamu, amechoka, anataka kujifunza kushona suruali, akaanza na suruali. Aliyekwisha kuchukua mfuko wa zipu alimwonyesha anayeuchukua leo. Cherehani zilifunuliwa zote, ikabidi watu wapokezane. Bi Rula alitembea katikati yao na rula yake, kila akitaka kusema "Rudia" anamkuta mtu ameshaanza kufumua mwenyewe, huku anajicheka. Nyumbani alikula chakula bila kuinua macho.

"Wamefurahi," alimwambia mume wangu jioni moja, kana kwamba anamweleza kuwa wameharisha.

Na Kitinda. Kitinda wangu alianza na sketi. Aliivaa akapita mbele yangu jikoni, akarudi, akapita tena, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona sketi. Akasema, "Tazama zipu." Niliitazama zipu, haikuonekana hata meno yake. Mtoto aliyekuwa akitazama dari sasa anaamka kabla yangu, anapiga pasi, anataka kuwahi mifuko. Nililia pale pale, nikasingizia vitunguu.

Mfuko mmoja tu ulibaki umevimba vilevile ulivyowekwa. Mfuko wa mikono. Kadi yake ilisema, "Mikono. Wakati wowote utakapojisikia." Wachache walijaribu, mikono ikatoka imejikunyata kama gunia lililofungwa kamba, wakarudisha vipande taratibu. Hakuna aliyewazuia. Gauni lisilo na mikono linapendeza pia, hasa kipindi cha joto, na blauzi vilevile. Kufikia katikati ya mwaka darasa zima lilikuwa mabega wazi. Mkuu aliwatembeza wageni wa bodi, akawaeleza kwamba huo ndio mtindo wa vijana wa leo. Bi Rula alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika rula kwa mikono yote miwili, na nikaliona tena lile tabasamu.

Asubuhi moja, mtihani umekaribia, akawanyamazisha wote.

"Mtihani ni blauzi ya mikono mirefu," akasema. "Ni hiyo hiyo kila mwaka, tangu nilipoufanya mimi. Asiyetia mikono hapiti. Mfuko ule pale, umejaa. Mlichagua." Akachukua kikombe chake, akaenda zake kunywa chai.

Kitinda alirudi nyumbani na vipande vya ule mfuko, akavitandaza kitandani, akanionyesha. "Mama, tazama. Kitambaa cha mkono ni kikubwa kuliko tundu la bega. Lazima kiingie chote, na kisionyeshe kwamba kilikuwa kikubwa. Kinaingiaje?" Nikamwambia amuulize shangazi yake. "Nimemuuliza," akasema. "Kaniambia kadi ina maelezo." Akageuka, akalala chali. Nikamwona anatazama dari tena.

Kesho yake nikasikia yaliyosemwa nyuma ya ubao.

"Wafundishe mikono, Mwalimu," alisema Mkuu.

"Silabasi inasema watakapojisikia."

"Sasa wanajisikia."

"Basi njoo darasani. Simama mbele yao, sema utaratibu wangu wa zamani ulikuwa sahihi, na ule ukuta ushuke. Nitaanza leo leo."

"Siwezi. Bodi imeshaupokea. Nimeshawaambia watu."

"Basi na mimi siwezi."

"Mwalimu, hawa ni watoto."

"Walikuwa watoto pia uliponiambia wachague."

Wote wawili nilitamani kuwagonganisha vichwa. Yule mmoja ana aibu ya kuonekana alikosea, huyu mwingine ana raha ya kumwona mwenzake amekosea, na katikati yao yuko mwanangu na vipande vya kitambaa. Nilichapa barua za siku ile kwa nguvu hadi Mkuu akatoka kuuliza kama mashine imeharibika.

Jioni nilimkuta wifi uani akianua nguo. Sikumsalimu.

"Kitinda akifeli ataenda wapi?" nikamuuliza.

"Muulize aliyeomba lastiki."

"Ni damu yako. Ni mtoto wa kaka yako."

"Wote mle darasani ni watoto wa kaka wa mtu," akasema, akakung'uta shuka. "Nimfundishe huyu kwa sababu namjua kwao, wale niwaache?"

"Wifi, una roho mbaya."

"Ninayo," akasema. Hakupandisha sauti. "Kile chumba nimekiingia nywele zangu nyeusi. Cherehani zile nimezipaka mafuta mwenyewe, moja moja, kila Ijumaa. Anakuja kijana na shati lake, ananiambia kitapewa kompyuta. Kuna mtu aliniuliza mimi nitaenda wapi? Wewe ulikuwa pale nyuma ya ubao, masikio yako hayana mlango. Uliniuliza?"

"Hata leo sikuulizi," nikamwambia, na nilimaanisha. "Ungefukuzwa, ningekuandalia sherehe."

"Najua," akasema. "Na gauni la sherehe ungelivaa limepinda."

Tukaachana hapo. Ndani redio ilikuwa inaunguruma kuliko kawaida. Dirisha la Kitinda linatazama uani, na lilikuwa wazi, lakini hilo nililifikiria kesho yake.

Kesho yake, saa ya chai, mwanafunzi mmoja alikuja ofisini anahema. "Mama, njoo. Kitinda amefanya jambo." Nilikimbia na kiatu kimoja kimekaa vibaya. Darasani wote walikuwa wameizunguka meza kubwa ya kukatia. Juu ya meza kulikuwa na koti la kijivu. Mikono yote miwili ilikuwa imefumuliwa, imelazwa pembeni, bitana imegeuzwa nje, pedi za mabega zimewekwa kando kama maandazi mawili. Kitinda alikuwa amekaa, kiwembe mkononi, anavuta vipande vya mwisho vya uzi kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele.

"Mtoto, umeingiwa na nini?" nikamuuliza.

"Mfuko hauna mkono uliokamilika, mama. Una vipande tu. Mkono uliokamilika ni huu."

Waliokuwa nyuma wakasogea. Bi Rula alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, rula kwapani. Kwanza alitazama msumari. Halafu akatazama meza. Nimemjua mwanamke yule muda mrefu, nimemwona akizika baba na mama, na sijawahi kuona uso wake ukikosa la kufanya. Aliweka kikombe juu ya cherehani ya karibu, kitu ambacho angemfukuzia mtu.

"Nani?"

"Mimi, shangazi," Kitinda akasema, akasimama.

Wakatazamana. Ni paji moja la uso, na shingo moja ngumu. Nilijiandaa kuingia katikati, maana nilijua leo rula itapata kazi yake ya kwanza. Bi Rula aliiegemeza ukutani. Akavuta kigoda, akakaa, akauchukua mkono mmoja wa koti, akauzungusha kidoleni kama anatafuta jeraha.

"Umefumua bila kuchana," akasema. Ilikuwa lawama, lakini alikuwa amekagua. Akatia uzi kwenye sindano. "Msinitazame."

Hakuna aliyeondoa macho. Alipitisha nyuzi mbili za bandi, ile mishono ya kushikiza kwa muda, kwenye ukingo wa juu wa mkono, midogo sana, akavuta uzi kidogo, akausambaza ule ulegevu kwa kidole gumba, akavuta tena. Kitambaa kikajikunja kama kiganja kinachochota maji. Alikiweka juu ya taulo lililoviringishwa, akakipiga pasi ya mvuke kwa kugusagusa tu, na mikunjo ikayeyuka, umbo likabaki. Alikuwa anaguna na kusonya wakati wote. Alitubeza, alitutukana, alisema tumeharibiwa na lastiki, alisema atatuburuza mbele ya bodi, mimi nikiwemo. Lakini vidole vilikuwa vinabembeleza. Sikujua kama mwanamke yule ana kubembeleza mahali popote mwilini mwake.

"Hapa mwanga mbaya," akasema ghafla, akahamia dirishani. Pale dirishani wote waliweza kumzunguka. Akaupachika mkono kwa pini, akianzia juu ya bega, akishuka mbele, akishuka nyuma. Akashona. Mkono ukakaa. Mlinzi wa duka hakuwepo siku ile. Wengine wote walikuwa wamesogea hadi wanakanyagana. Kisha akauangalia, akasema haujampendeza, akaufumua, akauanza upya. Mara ya pili alikwenda taratibu zaidi. Mimi si fundi, lakini hata mimi niliona kwamba wa kwanza haukuwa na kasoro.

Alipomaliza akaunyanyua mkono wa pili, akamrushia Kitinda.

"Umefumua miwili," akasema. "Mimi nimeshona mmoja. Huo ni wako. Na nitauvaa jinsi utakavyotoka, watu waone kazi ya mtoto wa mama yako."

Kitinda akakaa palepale penye kigoda. Alipitisha bandi, akavuta, akasambaza. Alitoka jasho hadi kwenye nyusi. Shangazi yake alisimama nyuma yake, mikono imefungwa, na hakusema neno lolote, hata "Rudia". Mkono ulikaa. Mbele ulikaa vizuri kabisa. Nyuma ya bega la kushoto kukabaki kikunjo kimoja, kidogo. Kitinda alikiona, akachukua kiwembe. Bi Rula akamnyang'anya koti, akalivaa, akachukua kikombe chake cha chai iliyopoa, akatoka.

Siku zile zilizobaki, mfuko wa mikono ulikuwa unagombaniwa. Mkuu alipita akaona mikono imetapakaa kila meza, akasema mnaona, wamejisikia. Nilimwomba Mungu anizuie ulimi.

Mtihani ulikuja, blauzi ya mikono mirefu. Wengi walipita. Mlinzi wa duka alifeli. Wenzake walimwonyesha baadaye lakini hakuushika ule mkono, na sijui kama alirudi tena. Kitinda alipita, si kwa alama za kutikisa mji, lakini alipita, na yuko kiwandani hadi leo. Chumba hakikupewa kompyuta. Mkuu amealikwa vyuo vingine kueleza silabasi inayonyumbulika, na huko, naambiwa, husema "tuliibuni". Ukuta upo. Bi Rula aliuhamisha mfuko wa mikono tu, akaushona katikati kabisa, usawa wa macho, na kadi akaiandika upya: "Mikono. Anza na huu. Kama hujisikii, nenda nyumbani." Hakuna anayekwenda.

Mimi na yeye hatujapatana. Hajaniomba radhi, nami sijampa sababu ya kuniomba. Juzi tulikuwa na harusi ya ukoo, akaja na koti lake la kijivu, kikunjo kiko palepale nyuma ya bega la kushoto. Mafundi wa mjini walipita, wakageuka kumtazama, wakatazamana. Kitinda hakuvumilia. Alimfuata kwenye kona na sindano aliyoichomeka kwenye kola.

"Shangazi, nivulie kidogo tu. Nitakitoa. Sasa najua."

"Najua kwamba unajua," Bi Rula akasema. "Usikiguse."

"Watu wanakuona, shangazi."

"Waone."

Akalinyoosha koti begani kwa mkono wa kulia, pale penye kikunjo, kwa kidole gumba. Halafu akaenda kukaa kiti cha mbele yangu, na sherehe nzima nikawa nalitazama bega lile.